Hesabu Hadi Thelathini

Tik.
Ulimi wa chuma umegonga mlango
na kurudi bila jibu.
Ranno alitaka kufungua komeo papo hapo.
Nikamshika kiwiko. Acha.
Mtutu mbele, kwenye tuta la theluji.
Hesabu hadi thelathini.
Kuna risasi zinazochelewa
kama mtu aliyeitwa usingizini.

Alihesabu kwa Kiestonia, mvuke ukimtoka puani,
na baridi ya Otepää, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri,
ikitutafuna vidole ndani ya glavu.
Thelathini. Kimya.
Komeo likaitema risasi nzima, na risasi yake.

Jumapili, mbele ya wilaya nzima,
ziligoma tatu katika kumi.
Baba yake, Kaljo, alisema: mtoto ana woga.
Mtoto alisema: risasi mbovu.
Mwenye duka alisema: bunduki imezeeka.
Kila mmoja na mchawi wake.
Mimi nikaomba zile zilizogoma.

Katika bunduki hii ndogo
baruti ya kuwashia hukaa ukingoni mwa ganda,
kama noti iliyoshonewa kwenye pindo la gauni.
Pini isipouma pindo, moto hauamki.
Nikavaa miwani. Alama zote hafifu,
mkwaruzo wa paka aliyeshiba.
Nikazizungusha nusu duara, nikazirudisha chemba moja moja:
pa. Pa. Tik. Pa.
Woga wa mtoto hauandiki hivyo kwenye shaba.

Mezani, kando ya jiko la kuni, nikalivua komeo.
Ndani, grisi ya kahawia, nzito kama asali ya mwaka juzi,
imeikumbatia springi isipumue.
Nani aliipaka?
Ranno akatazama dirisha.
"Baba. Kabla ya theluji. Alisema bunduki ipendwe."
Imependwa mno, nikasema,
nikatamani kulirudisha neno.

Mafuta ya taa. Mswaki mkuukuu.
Kipande cha shati la Heino wangu,
miaka sita kaburini, shati bado lina kazi.
Kisha tone moja la mafuta mepesi.
Ranno akataka la pili. Nikafunga chupa.
Risasi hamsini, hamsini zikalia.

Lakini kulia si kulenga.
Tukapanga maboksi manne, mita hamsini,
kitako begani, mtutu juu ya mfuko wa mchanga,
na kila aina ikapewa tano za kuuzoesha mtutu
kabla ya tano za kuhesabiwa.
Za boksi la dhahabu, bei ya viatu,
zilitawanyika kama kuku waliofukuzwa jikoni.
Za kijani, nne zikaketi pamoja, moja ikahama.
Nyekundu sizisemi.
Halafu zile za buluu, zenye vumbi la ghala la Kaljo:
matundu matano, nikayafunika kwa senti kumi.
Wahenga walisema rahisi ni ghali.
Mtutu huu haukulelewa na wahenga.

Ranno akaruka. Nikamwambia, rudia.
Kundi moja ni umbeya, matatu ni ushahidi.
La pili likafanana na la kwanza.
La tatu likapanuka kidogo, upepo ulikuwa umeamka.
Nikaandika namba ya boksi kwa penseli, ukutani,
kwa sababu jina ni lilelile kila mwaka
na mwaka ujao zitakuwa risasi nyingine.

Kaljo alikuja jioni.
Akaona grisi yake kwenye kitambaa,
akaona karatasi, akamwona mwanawe.
Alivua kofia. Mdomo ukafunguka.
Hapakutoka kitu.

Ranno akageuka kuondoka.
Nikamshika kiwiko.

Moja. Mbili.
Kuni zikapasuka jikoni.
Kumi na tisa. Ishirini.
Kofia ikizunguka, ikizunguka mikononi mwake.
Ishirini na saba:

"Kesho," alisema Kaljo, akiitazama sakafu,
"nifundishe hilo tone moja."